Mama ameanza kusahau: msingoje Desemba

Pole, dada. Umesema mama yuko Kisumu, ameanza kusahau, na ndugu zako wanataka mngoje Desemba ndipo akuandikie hati ya uwakili, yaani karatasi ya kukuruhusu kushughulikia mambo yake kwa niaba yake. Msingoje. Hati hiyo inasimama tu ikiwa anayetia sahihi anaelewa anachotoa.

Marehemu baba yangu alipopatwa na kiharusi hapa Nakuru, tulimshikisha kalamu, ikachora mstari mmoja uliopinda hadi nje ya karatasi. Wakili alikataa, na alikuwa na haki.

Anza na daktari, athibitishe kwa maandishi kwamba mama bado ana uwezo wa kuamua. Kisha wakili azungumze naye peke yake, kwa Kijaluo kama ndicho anachokielewa vizuri. Ikihusu shamba, hati isajiliwe katika ofisi ya ardhi.

Lakini ujue kwamba Kenya uwakili wa kawaida hukoma aliyeutoa akipoteza uwezo wa kuamua, na hukoma akifariki. Ikifika hapo, mtaomba Mahakama Kuu iwape usimamizi wa mali yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili, mkiwa na ripoti za daktari. Kwa hiyo mwulize wakili kuhusu wosia siku hiyohiyo, na ndugu zako wote wapewe nakala.