Umeme ukirudi, nyimbo hazirudi

SWALI: Mwanangu fundi, mjukuu wangu alinifungia spika mbili zisizo na waya, ya sebuleni na ya jikoni, akaziunganisha na diski ya mtandao aliyowekea santuri zote za marehemu mzee wangu: Morogoro Jazz, Western Jazz na kwaya zake. Zilipiga wiki nzima. Juzi umeme ukakatika, uliporudi simu inaniandikia folda haionekani. Mjukuu yuko chuoni, kila nikimpigia ananiambia zima uwashe. Nimezima nimewasha mpaka nimechoka. Redio ya intaneti inapiga vizuri kwenye spika hizo hizo. Au ni bando?
Bibi wa Kiboriloni, Moshi

JIBU: Shikamoo bibi. Bando liache, halina kosa. Nyimbo za mzee zinatoka kwenye diski, zinapita kwenye ruta (kile kisanduku cha Wi-Fi), zinaingia kwenye spika, humo humo ndani ya nyumba. Na kama redio inapiga, spika ni nzima.

Ninayemshuku ni ruta. Ndiyo inayogawa namba kwa kila kifaa, kama zile kadi za foleni zahanati. Umeme ukikatika, ruta nyingi za nyumbani husahau nani alikuwa na namba gani, ukirudi zinaanza kugawa upya. Diski huchukua dakika kadhaa kuamka. Ikifika, televisheni na simu zimeshatangulia. Kama mjukuu aliziandikia spika namba 192.168.1.5, na leo namba hiyo anayo televisheni, basi spika zinabisha hodi kwa televisheni kuomba Western Jazz.

Yalinikuta mimi mwenyewe hapa Kaloleni, Arusha. Nilimaliza Jumamosi nzima nabadilisha waya, fundi mzima!

Dawa ni kuiwekea diski namba yake ya kudumu. Geuza ruta, chini kuna karatasi yenye anwani (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1) na nywila. Iandike anwani hiyo kwenye simu, pale unapofungulia intaneti. Ukishaingia, tafuta sehemu ya DHCP (ndipo ruta inapogawia namba), uione diski kwenye orodha, uitengee namba, tuseme 192.168.1.50 (kama anwani ya ruta ni 192.168.0.1, basi 192.168.0.50). Zima diski kwa kitufe chake, usichomoe waya, kisha iwashe. Mwisho, kwenye programu ya spika futa folda ya zamani, andika mpya: //192.168.1.50/muziki. Jina la folda liwe lile lile lililoko kwenye diski, herufi kwa herufi. Mkabidhi simu kijana yeyote wa jirani, ila wewe ndiye umsomee.

Ikigoma bado, huenda spika ni za zamani na zinajua SMB (lugha ya kuombea mafaili kwenye diski) toleo la 1 tu, ambalo diski nyingi za sasa zimelifunga. Usikubali mtu alifungue kirahisi: kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipitia humo humo. Mwambie mjukuu ajaribu kuwasha DLNA kwenye diski, njia nyingine ya kupeleka nyimbo kwenye spika.

Halafu tafuta UPS ndogo (kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), ya ruta na diski tu, friji isiguse. Diski haipendi kukatiwa umeme ghafla, na ikifa inakwenda na kila kitu. Mjukuu akija likizo akunakilie nyimbo kwenye diski ya pili. Santuri zenyewe bado unazo, bibi, au mlishazigawa?