Bomba halikupita kijijini kwao, lakini lilipita chini ya maji yao

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Wasioux wa Standing Rock, wenyeji wa asili wa Marekani, walilipinga bomba la mafuta la Dakota Access mwaka 2016 ilhali halikukatiza ndani ya eneo lao. Ni kweli kwamba linapita nje kidogo ya mpaka, upande wa kaskazini, lakini linapita chini ya Ziwa Oahe, kwenye mto Missouri, na humo ndimo walimokuwa wakichota maji ya kunywa. Sisi wa Mombasa tunakunywa maji ya chemchemi za Mzima, zilizoko Tsavo, na sidhani kama yuko atakayekubali kuambiwa kwamba yatakayozipata hayamhusu kwa kuwa ziko nje ya kaunti yake.

Isitoshe, ardhi hiyo ya nje ya mpaka walitambuliwa kuwa ni yao katika mkataba wa Fort Laramie wa 1851, uliofanywa na serikali ya Marekani, na ziwa lenyewe lilitokana na bwawa la serikali lililozamisha mashamba na misitu yao. Linaloniuma zaidi ni kwamba njia nyingine, karibu na mji wa Bismarck, ilifikiriwa kisha ikaachwa, na miongoni mwa sababu ilikuwa kuvilinda visima vya maji vya mji huo.

Mafuta yalianza kupita 2017. Machi 2020 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba kibali cha kupita chini ya ziwa kilitolewa kinyume cha sheria, bila tathmini kamili ya mazingira.