Kwa nini mama mkubwa kaandikiwa dawa ya kolesteroli?

Dada, unasema kipimo cha kolesteroli cha mama yako mkubwa huko Uingereza "si kibaya" na bado daktari kamwandikia statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Kule kipimo peke yake hakiamui. Daktari anaingiza kwenye kompyuta umri, presha, sigara, kisukari, hata msimbo wa posta wa mtaa anaoishi, inatoka asilimia: uwezekano wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Zamani mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huko, ulisema dawa ianze kwenye asilimia 20. Mwaka 2014 wakashusha hadi 10, wakataja na dozi kabisa, statini iitwayo atorvastatini, miligramu 20. (Hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuiuza peke yake, ilikwisha 2012, bei ikaporomoka, na hilo lilichangia.) Basi watu wengi walilala wazima wakaamka wanastahili kidonge, damu ni ileile! Na umri una uzito sana kwenye hesabu hiyo: mzee wa miaka 70 asiyevuta sigara, presha safi, bado huvuka 10. Ila mwongozo si amri, unamtaka daktari azungumze na mgonjwa kwanza. Mwambie aulize asilimia yake ni ngapi kabla hajameza.