Muulize Fundi: Hita inapuliza baridi, na safari ya Njombe imekaribia

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Premio niliyonunua kwa mtu hapa Mwanza. Mwezi wa sita nampeleka mama Njombe kwa dada yangu, na miguu yake haivumilii baridi. Nimejaribu hita kwa mara ya kwanza: feni inavuma vizuri, lakini nikikimbia kuelekea Usagara hewa ni ya baridi tu. Nikikwama kwenye foleni Buzuruga inakuwa vuguvugu, nikishika tena lami inapoa. Mshale wa joto nao haufiki unapotakiwa. Fundi mmoja ameniambia hita imekufa, tushushe dashibodi yote. Nimruhusu?
*Mwalimu, Buswelu*

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usimruhusu. Dashibodi ya Premio ikishushwa na mtu mwenye haraka hairudi kama ilivyokuwa, na kwa maelezo yako ugonjwa hauko huko.

Hita haina moto wake yenyewe. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo, maji ya moto ya injini yanapita ndani yake, feni inapuliza hewa juu yake. Maji yasipopata moto, hita haina cha kukupa. Na mshale umeshakwambia kwamba hayapati.

Hapo namshuku thamostati. Ni kidude kidogo chenye nta ndani, kinachoziba njia ya kwenda rejeta kubwa mpaka maji yafike kama nyuzi 82, ndipo nta inavimba na kufungua njia. Kikikwama wazi, au kikiwa hakipo kabisa, maji yanapita rejeta kubwa tangu unapowasha gari. Ukikimbia, upepo unayapoza. Foleni ya Buzuruga haina upepo, ndiyo maana pale unapata vuguvugu.

Nakwambia "hakipo" kwa sababu Kanda ya Ziwa hii mchezo ni huo: gari likichemsha, thamostati inang'olewa, mwenye gari anaambiwa hapa kwetu ni joto, haina kazi. Jambo hili linaniumiza sana. Injini isiyofikia joto lake inakula petroli zaidi na inachakaa mapema. Baya zaidi, kilichochemsha gari siku ile hakikutibiwa, kimefichwa tu. Kwa hiyo thamostati ikirudi, hakikisha rejeta kubwa haijaziba, feni yake inawaka yenyewe, na mfuniko wa rejeta unabana. Msipokagua hayo, gari litakuchemkia njiani na mama yumo ndani.

Uhakikishe mwenyewe asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Washa, kisha gusa mpira mkubwa wa juu wa rejeta, mkono ukae mbali na feni. Thamostati ikiwa nzima, mpira unabaki baridi dakika kadhaa, halafu joto linaingia kwa mkupuo. Mpira ukianza kupata joto kidogo kidogo sambamba na injini, jibu umelipata: thamostati imekwama wazi au haipo.

Nunua thamostati na gasketi yake. Kabla haijafungwa, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Hapa Mwanza, kwenye mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo inatakiwa ifunguke kabla hayajatokota. Isipofunguka, irudishe dukani.

Ukijaza, usijaze maji ya bomba wala ya ziwa, yanaleta kutu na rejeta ile ndogo ndiyo inaziba kwanza. Weka kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Kisha mtoe hewa iliyonaswa kwenye njia za maji: gari lipaki pua ikitazama mlimani, na miinuko Mwanza hatukosi. Injini ikiwa baridi fungua mfuniko, weka hita kwenye joto la mwisho, washa, ongeza kulanti mpaka mapovu yaishe. Mfuniko wa rejeta iliyopata moto usiuguse.

Baada ya hapo hewa ikibaki baridi, tazama mipira miwili midogo inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Mara nyingine utakuta imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe, hita imerukwa, kwa sababu rejeta ndogo ilivuja. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, imeziba, isafishwe kwa maji. Yote ikiwa ya moto, basi kilango cha kuchanganya hewa ndani kimekwama, na hapo ndipo tunazungumzia dashibodi.

Usiione hita kuwa ni ya Njombe tu. Masika kioo kikijaa ukungu, ndiyo inayokukaushia.

SWALI: Fundi, Noah yangu hita inatoa joto nikikanyaga mafuta, nikisimama inapoa. Nini hicho?
*Dereva, Sengerema*

JIBU: Maji ya rejeta yamepungua, kaka, au hewa imeingia humo. Pampu ikizunguka taratibu haiwezi kuyapandisha mpaka kwenye hita. Jaza leo, kabla ya abiria wa kwanza. Yakipungua tena na chini hakuna tone, papasa zulia la mbele: likiwa bichi na linanukia utamu, rejeta ndogo inavuja. Ukiona moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, usisafiri nalo. Lipeleke gereji wakapime gasketi ya silinda hedi.