Re: Usaili wa mchujo na wa mahojiano Dodoma

Mkuu, umeuliza kama kujiandaa kwa usaili wa kazi wa mchujo na wa mahojiano ni sawa. Hapana. Mchujo ni wa maandishi: chambua majukumu yaliyo kwenye tangazo la kazi, ndiyo chanzo cha maswali mengi, na jizoeze kujibu huku saa inahesabu. Kwenye mahojiano, "jitambulishe" isizidi dakika mbili: elimu, uzoefu, basi. Habari za ukoo hazina alama. Dereva au fundi ategemee na vitendo.

Kinachoangusha watu ni makaratasi. Beba vyeti halisi, cha kuzaliwa kikiwemo, na kitambulisho. Statimenti ya matokeo (karatasi ya muda kabla ya cheti) haipokelewi. Jina likipishana kati ya cheti na cheti, lishughulikie mapema kwa hati ya kiapo (deed poll) iliyosajiliwa. Ukipangiwa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), angalia ni ndaki (college) gani, chuo kimetapakaa mno.