Ukijua kusoma msahafu, Kiurdu bado kina yake

Sisi tuliosoma chuoni utotoni huwa tunakiendea Kiurdu kifua mbele. Alifu, bee, tee tunazijua, na kuandika kutoka kulia tumezoea. Mimi kilichonikwamisha kwanza ni mwandiko. Misahafu tuliyosomea ilikuwa ya naskhi, herufi zimekaa sawa mstarini. Kiurdu huandikwa kwa nastaliki: neno huanzia juu kulia likateremka kushoto kama mtu anayeshuka ngazi, na nukta hujibana panapobaki nafasi. Hata mashine ziliuona mgumu. Gazeti la Jang la Pakistan lilianza kupangwa nastaliki kwa kompyuta mwaka 1981. Kabla ya hapo, kazi ilikuwa ya makatibu na kalamu zao. Kwa hiyo mstari mmoja ukikuchukua dakika tano, vumilia, wala usikimbilie naskhi, maana vitabu na mabango utakayokutana nayo ni nastaliki.

Irabu fupi haziandikwi, kwa hiyo anza na maneno ambayo tayari unayo mdomoni: کتاب، خبر، دنیا، وقت. Kitabu, habari, dunia, wakati. Hata gari letu limo, گاڑی, na hapo utakutana na ڑ, sauti ya ulimi uliokunjwa nyuma, ambayo chuoni hatukufundishwa.

Sasa shika hili kwa mikono miwili: hee. Kiurdu kina ہ ya kawaida na ھ ya macho mawili, na hii ya pili huonyesha pumzi inayotoka pamoja na herufi iliyotangulia. کہا ni "alisema". کھا ni "kula". Nilizichanganya kwa miezi, na mwalimu wangu alikuwa akinisomea sentensi zangu kwa sauti mpaka nikazisikia mwenyewe.

Kwenye kuchapa, usitumie kibodi ya Kiarabu. Nilifanya hivyo, na machoni kila kitu kilikuwa sawa, ila kamusi haikulipata hata neno "kitabu". Kumbe kompyuta huhesabu ك ya Kiarabu na ک ya Kiurdu kuwa herufi mbili tofauti, vivyo hivyo ي na ی. Weka kibodi ya Kiurdu, ile inayofuata sauti kama unaweza: t inakupa ت, na ukibonyeza shifti unapata ٹ. Kisha weka fonti ya Noto Nastaliq Urdu, ambayo ni ya bure, na uchape kila siku yale maneno manne ya juu mpaka vidole viyajue.