Betri ya tatu haitaokoa friji

SWALI: Shikamooni. Nina friji ndogo ninayouzia maji baridi na askrimu za ubuyu. Inategemea sola tu, usiku na mchana: paneli 2 za wati 150, betri 2 za maji za volti 12, Ah (ampia-saa) 200 kila moja, na inveta ya wati 1,000. Siku hizi haifiki saa nne usiku, inveta inalia na kuzima. Fundi anasema niongeze betri ya tatu. Ninunue?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba. Usinunue kwanza, dada. Betri zako zina njaa, na tumbo la tatu halileti chakula.

Tupige hesabu. Tuseme friji inakula wati 120 kompresa ikizunguka, na inazunguka nusu ya muda: wastani 60. Inveta yenyewe hula kama 15. Wati 75 kwa saa 24 ni wati-saa 1,800. Paneli zako, kwa jua kali la saa 5, ukitoa theluthi inayopotea kwa joto, vumbi na waya, huleta 1,000 tu. Kila siku kuna deni la 800. Betri ya maji isiyojaa hujenga ukoko mgumu wa salfeti kwenye bamba za risasi, na ukiiunga mpya na hizo, zitaivuta chini.

Pima kabla ya kutoa hela. Jioni chomoa paneli na inveta, tenganisha betri, subiri saa tatu, kisha shika mita: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Fungua vifuniko, tumia haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi. Kila kifuniko kina chumba chake cha betri; kilichojaa chaji husoma 1.27 hivi. Kimoja kikibaki nyuma ya wenzake kwa 0.05 hata baada ya kuchajiwa, betri hiyo imekwisha.

Halafu friji ikiwa kazini, pima kwenye temino za betri, kisha pale waya za betri zinapoingia kwenye inveta. Tofauti ikizidi volti 0.3, waya ni mwembamba (watu hufunga ule wa nyumba!) au temino zimeota unga wa kijani na mweupe, ugonjwa wa kawaida kwa upepo wa bahari. Zima vyote, fungua, sugua kwa maji ya magadi vifuniko vikiwa vimekazwa, kausha, kaza, paka vaselini.

Betri zikiwa bado nzima, zijaze kwanza kwa chaja ya umeme wa TANESCO, kisha ongeza paneli 2 kama hizo, zielekee kaskazini. Zote 4, wati 600, hutoa ampia 40 na kitu, kiasi kinachozifaa Ah 400. Chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia betri, iwe ya ampia 60. Ya 30 haitabeba.

SWALI: Maji ya mvua yanafaa kujazia betri?
Msomaji, Mwambani

JIBU: Hapana. Yakipita kwenye bati karibu na bahari hubeba chumvi, na chumvi hula bamba. Nunua maji ya betri, na usome chupa vizuri, maana asidi huuzwa rafu ileile. Jaza betri ikiwa imeshachajiwa, yapite bamba kwa sentimita 1.